Subiri ipoe kwanza: maswali yenu kuhusu brauni na vitamu vya kukata vipande

Tangu tuliposema toleo hili litakuwa la vitu vitamu vya kuoka kwenye trei moja afu unakata vipande, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, na nimefurahi kwa kweli maana hivi ndo vitu ninavyovipenda kuliko keki yoyote ya kupambwa. Trei moja, bakuli moja au mawili, hakuna kupanga tabaka wala kupaka krimu pembeni, na ikitoka inatosha watu kumi na sita. Nimeyasoma yote. Mengi yanafanana, na ukiyaweka pamoja unaona shida nyingi hazianzi kwenye kuchanganya wala ndani ya oveni, zinaanza pale trei inapotoka, nyumba imejaa harufu, watu wameshazunguka meza na kisu kiko mkononi. Nimechagua machache nitakayoyajibu kwa kirefu.

Dada, brauni zangu zinatoka mbichi katikati, kijiti kinatoka na tope. Nikiziacha zaidi, pembeni zinakuwa ngumu kama tofali. Nikikata zinavurugika. Halafu juu hazitoi ile ngozi nyembamba inayong'aa na kupasuka pasuka, naiona kwa wenzangu tu. Nakosea wapi? – Mama Mapacha

Mama Mapacha mpendwa, pole, na usikate tamaa maana uko karibu kuliko unavyodhani. Nianze na hilo la ubichi. Brauni ni kitamu kizito cha chokoleti, siyo keki. Keki unaichoma kijiti unataka kitoke kisafi, lakini brauni ukisubiri kijiti kitoke kisafi umeshachelewa, imekauka. Unachotaka ni kijiti kitoke na chenga chache zenye unyevu zimekigandia, siyo tope linalotiririka na siyo kikavu kabisa. Pembeni inakuwa imeshika na imeanza kuachana kidogo na trei, katikati ukiitikisa trei haichezi kama maji. Hapo itoe. Utaiona laini mno na utaogopa, itoe hivyo hivyo, kwa sababu trei yenyewe ni ya moto na inaendelea kuipika dakika kadhaa ikiwa juu ya meza, na ile siagi na chokoleti iliyoyeyuka bado haijaganda, ikiganda ndo inashika umbo.

Nikupe yaliyonikuta. Kuna siku nilikuwa na wageni wa saa kumi jioni, nikachelewa, trei imetoka saa tisa na nusu, wakafika, nikaona vibaya kuwakalisha bila kitu nikakata. Kisu kiliingia kikatoka kimebeba nusu ya brauni, vipande vikawa tope kwenye sahani, tukala kwa vijiko. Mimi nikaamini kabisa nimeitoa mbichi. Nusu iliyobaki nikaifunika nikaisukuma kwenye friji, na asubuhi nilipoifungua nikakuta kitu kingine, kisu kinapita kama kwenye jibini, pembe zimenyooka, katikati laini inatafunika vizuri, na utamu wa chokoleti umekuwa mzito zaidi. Mchanganyiko ule ule, oveni ile ile, tofauti ni usiku mmoja. Tangu siku hiyo brauni za wageni naoka jana yake na sijawahi kujuta.

Kwa hiyo wewe nakuomba jaribu hivi: itoe mapema kidogo, iache ndani ya trei yake mpaka ipoe kabisa, saa mbili hivi, afu friji saa moja au mbili, ndo ukate. Kisu kirefu, kichovye kwenye maji ya moto, kifute kwa kitambaa, kata mara moja kwa kukandamiza kwenda chini bila kukereza kama msumeno, kifute tena, rudia. Kufuta kila mara kunachosha lakini ndo siri yote ya vile vipande unavyovionaga vimekaa sawasawa.

Ngozi ya juu sasa. Ile inatokana na sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya mayai. Piga mayai na sukari dakika nne mpaka tano kwa mashine, au zaidi kama unapiga kwa mkono, mpaka mchanganyiko uwe mweupe mweupe na mzito, ukiuinua unashuka kama utepe, ndo umimine siagi na chokoleti iliyoyeyuka ikiwa bado vuguvugu. Ukishaweka unga usipige tena, kunja kwa mwiko taratibu mpaka weupe wa unga upotee, acha. Ukiendelea kupiga baada ya unga kuingia unaifanya iwe ngumu na ya kuvutika.

Vipimo ninavyotumia kwa trei ya sentimita 20 kwa 20 ni siagi gramu 150 na chokoleti nyeusi gramu 180 zinayeyushwa pamoja kwa moto mdogo, mayai 3 na sukari gramu 220, unga wa ngano gramu 80, kakao gramu 25 na chumvi nusu kijiko cha chai. Oveni nyuzi 175 za Selsiasi, iwe imeshapata moto kabla, dakika 25 mpaka 30, na anza kuchungulia ya 22. Bekingi pauda siweki. Najua wengi wanaweka, lakini inaifanya iumuke iwe kama keki na mimi brauni naitaka nzito. Na hao wanaotoka na pembeni ngumu katikati mbichi mara nyingi oveni yao ina moto mkali kuliko namba inayoonesha, kale ka kipimajoto ka kuning'iniza ndani ya oveni kanasaidia sana, ukishakijua kiburi cha oveni yako hutasumbuka tena.

Dada habari. Resipe nyingi zinasema trei ya 20 kwa 20, mimi nina ya duara ya 23 na ya kioo kubwa ya 23 kwa 33. Nikipika humo kitu kinatoka chembamba kama chapati au hakiivi. – Kijana wa Jikoni

Mdogo wangu, hapa tunapiga hesabu ya eneo, basi. Ishirini mara ishirini ni 400. Trei ya 23 kwa 23 inakupa 529, yaani kama mara moja na robo na kidogo. Hiyo kubwa yako ya 23 kwa 33 ni 759, karibu mara mbili, kwa hiyo resipe ya 20 kwa 20 unaizidisha mara mbili kila kitu na inakaa vizuri tu, itazidi kina kidogo sana, iongezee dakika chache. Na habari njema ni kwamba hiyo duara yako ya sentimita 23 ina eneo la 415 hivi, karibu sawa kabisa na ya mraba ya 20, unaweza kuitumia bila kubadilisha chochote, utakata pembe tatu badala ya mraba na hakuna atakayelalamika.

Kama vipimo vinakupeleka kwenye nusu yai, lipige yai kwenye kikombe, yai la kawaida bila ganda ni kama gramu 50, pima 25 umimine. Hapo ndo utaona kwa nini nasisitiza mizani. Kikombe kimoja cha unga uliomwagwa taratibu ni kama gramu 120, lakini ukikichota kwa kukishindilia kwenye mfuko unafika 150 na zaidi, na huo unga wa ziada ndo unaokufanya useme resipe ya fulani ni kavu.

Kuhusu kioo, kinachelewa kupata moto na kikishaupata hakiachii. Matokeo yake pembeni inaungua wakati katikati bado. Punguza oveni nyuzi 15 hivi na uwe tayari kusubiri kidogo zaidi, na ukiitoa kumbuka kioo kitaendelea kupika kuliko bati. Mimi kwa vitu hivi napendelea bati jepesi la rangi ya fedha, lile jeusi nalo linakausha chini haraka.

Na usisahau karatasi ya kuokea! Kata iwe ndefu izidi pande mbili, ining'inie nje kama mikono, ikishapoa unashika hiyo mikono unainua kitu kizima unakiweka kwenye ubao. Kukata ndani ya trei kunaharibu trei na kipande cha kwanza lazima kivunjike.

Za limau zinanishinda. Biskuti ya chini inalowa, juu kuna povu jeupe limeganda, na sukari laini niliyonyunyizia inapotea, naikuta imekuwa maji maji. Mara ya mwisho zilikuwa na ladha kama ya chuma. – Mpenda Limau

Mpenda Limau, hizi za limau ni kipenzi changu na nitakaa nawe hapa kidogo.

Kulowa kwa chini kunatokana na kuogopa kuioka biskuti. Watu wanaiweka dakika kumi wanaitoa ikiwa nyeupe, wanafikiri itamalizikia kuiva chini ya limau. Haiwezi, ikishamwagiwa maji haitakauka tena. Biskuti iive kabisa yenyewe, iwe na rangi ya dhahabu pembeni na juu imepata rangi kidogo, ukiigusa ni kavu. Kwangu ni unga gramu 200, siagi gramu 120, sukari gramu 50 na chumvi kidogo, unasugua kwa vidole mpaka inakuwa kama mchanga uliolowana, unaikandamiza kwenye trei ya 20 kwa 20 iwe bapa bila nyufa, nyuzi 180, dakika 20 au zaidi. Kama kuna ufa, limau litapita humo liende chini na utakuta biskuti inaelea katikati, ukiona ufa ziba na kipande kidogo cha unga ulichobakiza pembeni.

Wakati biskuti iko kwenye oveni tengeneza ya juu. Mayai 4, sukari gramu 250, unga gramu 30, juisi ya limau mililita 150 na maganda ya malimau mawili yaliyokwanguliwa, ile njano tu, nyeupe ya ndani ni chungu. Sugua hayo maganda na sukari kwa vidole kwanza, dakika moja tu, sukari inalowana na kugeuka njano njano na jikoni kote kunanukia limau, ladha inaongezeka sana kuliko kutupia maganda mwishoni. Afu sasa lile povu: wewe unapiga mayai kwa nguvu kama ya keki. Hapa hatutaki hewa. Koroga taratibu mpaka vichanganyike, chuja kwa chujio, acha ikae dakika tano, ondoa povu la juu kwa kijiko. Mimina juu ya biskuti ikiwa bado ya moto kutoka kwenye oveni, inashikana vizuri na haiachani ukikata. Punguza moto mpaka 160, dakika 20 mpaka 25, na toa pale pembeni pameshika na katikati panatikisika kama jeli, siyo kama maji. Ukiiacha mpaka katikati pakae kimya kabisa mayai yanazidi kuiva, yanaachia maji na kupasuka.

Ladha ya chuma inakuja kama umeokea kwenye bati la alumini tupu lisilopakwa kitu, asidi ya limau inagusana na chuma. Weka karatasi ifunike mpaka pembeni juu, au tumia kioo au trei iliyopakwa.

Na sukari ya juu haipotei, inayeyuka kwa sababu umeinyunyiza kitu kikiwa cha moto au saa nyingi kabla. Ipoe, ikae friji saa tatu, kata, nyunyiza dakika chache kabla ya kupeleka mezani. Hizi zina mayai kama kastadi kwa hiyo zikae friji, siku tatu mpaka nne, na mezani zisizidi saa mbili.

Nawatengenezea wanangu za oti na asali wabebe, ila zikifika kwenye mkoba ni unga mtupu. Nimeongeza asali, zikawa zinanata na bado zinavunjika. – Baba wa Watatu

Baba, hongera kwa kuwahangaikia watoto. Asali peke yake haishiki, kinachoshika ni asali iliyochemka pamoja na sukari na siagi, na kushindilia. Siagi gramu 125, sukari ya kahawia gramu 100, asali vijiko vitatu vikubwa, weka kwenye sufuria mpaka vichemke kidogo kama dakika mbili, mimina kwenye oti gramu 250 na chumvi kidogo. Kama oti zako ni zile kubwa nzima, sehemu moja ya tatu isage kidogo kwenye blenda kwanza, huo unga unga unaziba nafasi kati ya zile kubwa.

Afu shindilia. Namaanisha shindilia kweli, weka karatasi juu, chukua glasi yenye kitako bapa, kandamiza kuanzia pembeni kuja katikati mpaka mkono uchoke, pembe za trei ndo zinaachwa legelege na ndo zinaanza kumomonyoka. Nyuzi 160, dakika 25, iwe dhahabu pembeni na katikati bado laini. Hizi ndo kidogo zinatofautiana na brauni, ikitoka ngoja dakika kumi tu, chora mistari kwa kisu ikiwa ya moto, usitenganishe, iache ipoe kabisa humo humo, afu kata tena kwenye mistari ile ile. Ukingoja ipoe bila kuchora itakatika inavyotaka yenyewe.

Ukiweka zabibu kavu au mbegu, zisizidi gramu 80 kwa kipimo hiki, watu wanajaza mpaka hakuna kitu cha kuzishikilia.

Baba yangu ana kisukari na anapenda sana vitu hivi. Naweza kutoa sukari nusu? – Binti Mkubwa

Binti, nimeguswa na swali lako. Niseme ukweli kwanza: sukari kwenye vitu hivi siyo utamu tu, inashika unyevu na ndo inaifanya brauni iwe laini na ile ya oti ishikane. Robo unaweza kupunguza na karibu hakuna atakayejua, ukifika nusu unapata kitu kikavu kinachofanana na mkate. Na hata ukipunguza, bado kuna unga, asali, tende, zote zinapandisha sukari mwilini, kwa hiyo usimwambie baba hii haina shida ale tu. Zungumzeni na daktari wake au mtaalamu wa lishe kuhusu kiasi. Ninachofanya mimi kwa watu wa namna hiyo ni kutumia chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70, kupunguza robo ya sukari, na kukata vipande vidogo sana, trei ya 20 kwa 20 unapata 25 badala ya 16. Kipande cha sentimita nne kikikaa kwenye sahani nzuri na chai isiyo na sukari kinampa mtu heshima ya kula na wenzake, na kwa mzee hilo nalo ni kubwa.

Kwenye kundi letu la marafiki mmoja hali mayai na mwingine karanga zinamdhuru. Naokaje kitu kimoja cha wote? – Rafiki wa Wote

Kwa yai, saga mbegu za kitani, kijiko kikubwa kimoja cha unga wake na vijiko vitatu vya maji kwa kila yai, acha dakika kumi inakuwa ute. Kwenye brauni na za oti inafanya kazi vizuri, ila ile ngozi ya kung'aa usiitegemee. Za limau hapana, kule mayai ndo yanayogandisha.

Karanga ni jambo zito na hapa sicheki na mtu. Siyo kuacha kuweka karanga tu. Soma pakiti ya chokoleti na ya oti, nyingi zinaandikwa kama zimepita kiwandani pamoja na karanga au lozi. Osha trei, mwiko, ubao na kisu kwa sabuni kabla ya kuanza, usitumie kopo la siagi ambalo kisu cha siagi ya karanga kimewahi kuingia, na kama siku hiyo unaoka na nyingine yenye karanga basi hii isiyo nayo iokwe kwanza, ifungwe kwenye chombo chake na iandikwe jina. Muulize mwenyewe rafiki yako anachokwepa, kuna asiyepatana na karanga tu na kuna asiyepatana na korosho, lozi na jozi pia. Na kama huna uhakika na kitu chochote mwambie waziwazi mbele ya sahani, asile kwa kukuonea haya.

Ile ya tabaka tatu, biskuti, karameli na chokoleti juu: nikikata chokoleti inapasuka vipande na karameli inakamuka pembeni. – Mshona Nguo

Karameli yako haijapikwa vya kutosha na chokoleti yako ni kavu mno. Karameli ya maziwa mazito ya kopo lazima uikoroge bila kuacha, moto wa kati, mpaka inakuwa na rangi ya asali iliyokolea na ukipitisha mwiko unaona chini ya sufuria kwa muda kabla haijarudi. Ukiacha kukoroga hata nusu dakika inashika chini na utaona vidoa vyeusi. Chokoleti gramu 200 iyeyushe na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yasiyo na harufu, inabaki laini ya kukatika. Bakuli liwe kavu kabisa, tone moja la maji likiingia chokoleti inajikunja inakuwa kama udongo. Ikianza kushika juu lakini haijawa ngumu, chora mistari ya vipande, irudishe friji, na siku ya kukata itoe nje dakika 15 kabla, kisu cha moto.

Hivi brauni ilianzia wapi? – Msomaji

Marekani. Hoteli ya Palmer House ya Chicago inasimulia kwamba mwaka 1893, wakati wa maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo, Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliwaomba wapishi wa hoteli kitamu kidogo kuliko kipande cha keki, cha kuwekwa kwenye boksi za chakula cha akina mama waliokuwa kwenye maonesho. Ya kwao ina jozi juu na inapakwa aprikoti. Na kama huna oveni kabisa, Kanada wana ya kwao yenye jina la mji wa Nanaimo, tabaka tatu, chini biskuti zilizosagwa na nazi na kakao, katikati krimu ya kastadi, juu chokoleti, yote inagandishwa kwenye friji tu. Toleo lijalo nitawapa vipimo vyake.

Nina shughuli ya familia, watu 40, naoka peke yangu na nafanya kazi mpaka Ijumaa. Nianze lini? – Dada wa Kwanza

Anza wiki mbili kabla, na ulale vizuri Ijumaa hiyo. Brauni, za oti na hata biskuti tupu ya za limau zinakaa friza mpaka miezi mitatu bila kuharibika ladha. Kwa watu 40 mimi ningeoka trei mbili kubwa za 23 kwa 33, moja brauni moja oti, kila moja unakata 24, na trei moja ndogo ya limau unaipika Alhamisi usiku.

Zigandishe bila kukata, kitu kizima, kikishapoa kabisa kabisa, maana ukikifunga kikiwa na joto mvuke unageuka barafu na ukiyeyusha unapata kitu kimelowa. Plastiki ya kufungia mara mbili, afu foili, andika tarehe. Siku ya kuyeyusha itoe usiku uiache mezani ikiwa bado imefungwa, maji yatakusanyika juu ya plastiki badala ya juu ya brauni. Asubuhi fungua, kata ikiwa bado ina ubaridi, panga kwenye chombo bapa na karatasi kati ya kila tabaka, zisizidi tabaka mbili. Za limau zibebe kwenye chombo chake peke yake na pakiti za barafu, na zisikae na za oti, unyevu wake utailegeza oti yote kabla hujafika. Sukari ya kunyunyiza ibebe kwenye kikopo na kachujio kadogo, unyunyize ukishafika.